Zawadi Iliyotangulia Siku Yake

Baridi ya Februari mwaka ule wa 1947 haikuwa na adabu. Iliingia ofisini kwa mchunguzi Veit Lohse bila kubisha hodi, ikakaa kwenye kiti cha wageni, ikakataa kuondoka. Veit alikuwa amevaa koti, skafu, na glavu alizozikata ncha za vidole ili aweze kushika kalamu. Mbele yake palikuwa na rundo la vyeti vya sabuni.

Ndivyo watu wa Wallenrode walivyoviita. Kila aliyewahi kuvaa baji ya Chama, kile kilichotawala hadi mwisho wa vita, sasa alihitaji mtu wa kuandika kwamba chini ya baji ile palikuwa na moyo mweupe, na mji haukupungukiwa waandishi. Profesa Eberhard Kestner alikuwa na vyeti vingi kuliko meya. Kasisi alikuwa ameandika, jirani alikuwa ameandika, hata fundi wake wa viatu alikuwa ameandika kwamba Profesa hakuwahi kusalimia kwa kunyoosha mkono, isipokuwa pale palipokuwa na watu.

"Unasoma au unapiga usingizi?" Stieler aliuliza kutoka mlangoni. Huyu ndiye mwenyekiti wa baraza la kusafisha watu, mpiga chapa wa zamani aliyefungwa kambini miaka mingi na kurudi bila meno ya mbele.

"Nasoma."

"Soma upesi basi. Kesho asubuhi nawasikiliza wote wawili. Mwanafalsafa wako anarudishiwa kiti chake chuoni, mfamasia anakwenda kambi ya kazi kwa kumchongea Marquardt. Nataka kujua kama tumewapanga sawasawa."

"Si mwanafalsafa wangu."

"Ulikula mezani kwake, bwana."

"Kila Alhamisi," Veit akakiri. "Na supu ilikuwa nzuri."

Stieler akacheka kwa ufizi, akaenda zake.

Veit hakuwa na haja ya vyeti ili kumjua Kestner. Mwaka 1933, mwalimu wa Kestner, mzee aliyemfundisha kila kitu, alifukuzwa chuoni kwa kuwa Myahudi. Kestner alilia mbele ya wanafunzi, Veit akiwa mmoja wao, na muhula uliofuata akakikalia kiti cha mzee kikiwa bado na joto. Alivaa baji ili kukilinda kitivo. Alihutubia juu ya wito wa taifa ili asije akahutubia mtu mjinga zaidi. Kila alilofanya lilikuwa na sababu, na sababu zenyewe zilikuwa nzuri. Mwanafalsafa asipoweza kupata sababu nzuri, nani mwingine ataipata?

Lakini ni Kestner huyohuyo aliyemlisha Veit wakati baba yake, mfanyakazi wa reli aliyekuwa msoshalisti, alipotiwa ndani. Na Veit alipoacha masomo, kisha akapelekwa vitani, Kestner alimtumia vitabu hadi kwenye mahandaki. Veit alimpenda mtu yule kuliko alivyowahi kumwambia. Ndiyo maana alikuwa anayasoma makaratasi yake kwa mara ya tatu, akitafuta neno moja la kumfanya apumue.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Juni 1943, Jumapili jioni, wanaume watatu walikaa sebuleni kwa mhadhiri Tilo Marquardt wakinywa pombe kali ya plamu: mwenyeji, Kestner, na mfamasia Kaspar Brenner. Marquardt akasema, "Vita hii imeshakufa, imebaki kuzikwa tu." Alhamisi polisi wa siri wakamchukua. Mahakamani maneno yake yalisomwa neno kwa neno, na Septemba wakamkata kichwa. Mafaili ya polisi wa siri yaliteketezwa kabla Wamarekani hawajafika. Kilichobaki ni watu wawili waliosikia, na mji mzima uliokwisha kuamua ni yupi.

*

Brenner aliingia kofia ikiwa mkononi. Alikuwa mtu mkubwa aliyekonda, na koti lake lilikuwa bado la unene wake wa zamani.

"Kaa, Bwana Brenner."

"Nimezoea kusimama. Mjini humu hakuna anayenipa kiti."

"Mimi nakupa."

Akakaa ukingoni.

"Jumatatu, siku moja baada ya maongezi yale," Veit alianza, "ulionekana unaingia kwa polisi wa siri."

"Kila Jumatatu niliingia. Mkubwa wao alikuwa na vidonda vya tumbo. Nilimpelekea dawa."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Niseme vipi? Simameni watu wa Wallenrode, mniamini, mimi si msaliti, mimi nilimtibu tu shetani tumbo ili aendelee kula vizuri?" Akaizungusha kofia yake. "Ningekuwa wewe nisingeniamini."

"Mwanao alirudishwa kutoka mstari wa mbele mwezi uleule. Watu wanasema ndiyo malipo yako."

"Alirudi bila mkono. Nikuitie aje akuoneshe?"

Veit akaandika. Aliona aibu kidogo.

"Nani alikuona Jumatatu ile?"

"Nani ajuaye? Barabara imejaa madirisha." Brenner akafikiri. "Profesa Kestner ndiye niliyemwona mwenyewe. Nikitoka, alikuwa upande wa pili, amesimama. Nilimpungia mkono, hakuitikia. Nikadhani jua limempiga machoni."

"Hukuwahi kumshuku yeye?"

"Kestner?" Mfamasia alimtazama kama aliyeulizwa swali chafu. "Kestner ndiye aliyekwenda kumfariji mjane kila wiki. Mimi nilikwenda mara moja. Alinifungulia, akanitemea mate, akafunga. Na simlaumu."

*

Bi Leonore Marquardt alikuwa anaishi jikoni, kwa kuwa chumba kingine hakikuwa na makaa. Alimfungulia Veit mikono yote miwili ikiwa mbele.

"Veit, mwanangu! Umebaki mifupa. Njoo karibu na jiko, njoo. Kahawa ni shayiri ya kuchoma, usikunje uso."

"Nimeshakunywa mbaya zaidi, mama."

"Jeshini, si nyumbani kwangu."

Alimkatia kipande cha mkate, na Veit alijua kwamba kipande kile kilikuwa chakula chake cha jioni. Akakipokea, kwani kukikataa kungemuumiza zaidi. Bi Leonore akaketi, akanyoosha miguu yake iliyovaa viatu vya nyayo za mbao kuelekea motoni.

"Umekuja kwa ajili ya Eberhard," alisema. "Cheti changu hakitoshi?"

"Kinatosha. Nataka tu kuyasikia kwa mdomo wako. Umeandika kwamba aliikumbuka siku ya kuzaliwa ya Dakta Marquardt."

"Ah, hilo! Wakati ule wenzake walikuwa wameanza kutukwepa, maana Tilo hakujua kufunga mdomo. Eberhard akaja mchana kweupe na zawadi mkononi. Tulivyocheka siku ile, basi tu."

"Mlicheka nini?"

"Si alikuja Jumanne! Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nikamwambia, Profesa, unataka kutuitia balaa? Mama yangu, Mungu amrehemu, angemfukuza kwa ufagio mtu anayempongeza mwenziwe kabla ya siku kufika. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Tilo akasema, mwache, wanafalsafa hawana kalenda." Akaifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Na zawadi yenyewe sasa! Tazama mwenyewe."

Akavua kiatu kimoja, akainua mguu. Ilikuwa soksi nene ya sufu ya kijivu, yenye mstari wa kijani juu, na kisigino kilichotiwa viraka mara mbili.

"Soksi za sufu, Juni! Jua linaunguza mapaa, yeye anatuletea soksi za theluji. Nikasema huyu kweli kichwa chake kimo mawinguni." Kicheko chake kikaisha. "Lakini Mungu ana njia zake. Alhamisi walipokuja, mkubwa wao alisema achukue kitu cha kumtia joto. Zilikuwa bado juu ya meza hii. Ndizo alizovaa mpaka mwisho. Baadaye walinirudishia nguo zake, na hizi zikiwemo. Kila baridi nazivaa. Eberhard hajui ni jambo gani alilotufanyia."

Veit akauweka mkate chini. Alikuwa amekuja kutafuta neno la kumfanya apumue, akalipata la kumkaba. Akauliza swali moja zaidi, kwa kuwa Kestner mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuuliza swali moja zaidi.

"Pengine Profesa alikuwa anasafiri Jumamosi ile? Ndiyo maana akawahi?"

"Hata. Alikuwa hapa. Jumamosi alikuja, akakaa ulipokaa wewe, akanishika mkono. Nilipomwambia nani mwingine alikuwepo Jumapili ila Kaspar, aliinamisha kichwa. Akasema, simsemi Kaspar, Leonore, Mungu ndiye hakimu." Akamtazama. "Mbona umebadilika rangi?"

"Ni shayiri yako, mama," Veit alisema, akasimama.

*

Nyumbani kwa Kestner palikuwa na joto. Wanafunzi wake wa zamani walimletea kuni, kila mmoja gogo lake, kama walivyokuwa wakimletea maua. Profesa alikuwa mrefu, mwenye mvi nzuri na sauti ya kumfanya mtu ajione ana akili.

"Mwanangu. Nilijua watakutuma wewe. Keti. Gundula anachemsha chai."

"Sitakaa sana, Profesa. Mambo machache tu ya kumalizia."

"Uliza. Nimekufundisha mwenyewe, nitajilaumu mwenyewe."

Veit akafungua daftari lake, ingawa hakukusudia kuandika. Kestner alikuwa akiwaambia wanafunzi: kabla hujamuuliza mtu swali lako kubwa, zunguka nyumba yake ufunge milango yote.

"Ulipata habari za kukamatwa kwa Dakta Marquardt lini?"

"Alhamisi jioni. Leonore alinipigia simu. Nilianguka kitini."

"Kabla ya hapo hukuwa na wasiwasi wowote juu yake?"

"Hata chembe. Tilo alisema ovyo miaka kumi, hakuna aliyemgusa."

"Wiki ile ulikuwa mjini? Hukuwa na safari?"

"Muhula ulikuwa unaendelea. Ningesafiri kwenda wapi?"

"Na siku za kuzaliwa za marafiki zako, unazishika vizuri?"

Kestner akatabasamu. "Gundula atakuambia. Sijawahi kuikosa hata moja. Ni adabu ndogo, lakini ndizo zilizobaki kwetu."

"Ya Marquardt ilikuwa Jumamosi."

"Jumamosi. Ndiyo." Tabasamu likabaki peke yake, macho yakaondoka.

Mlango ukafunguliwa, na Bi Gundula Kestner akaingia na sinia la chai, mwanamke mfupi mwenye mikono isiyotulia.

"Habari yako, Veit. Mnamzungumzia Tilo?"

"Tunazungumzia zawadi yake, Bi Gundula. Zile soksi."

"Zile soksi!" Akaweka sinia chini kwa kishindo. "Usinikumbushe. Zilikuwa zake huyu, nilikuwa namfumia taratibu za baridi ijayo, nimebakiza kisigino kimoja. Jumatatu anarudi kutoka mjini, uso umemshuka, ananiambia zimalize leoleo, kesho nampelekea Tilo. Nikamwambia Eberhard, siku ya mtu ni Jumamosi, na ni Juni, mpelekee mvinyo! Hakusikia. Alikaa pale akinitazama nikifuma, mpaka nikamaliza. Sijawahi kumwona hivyo. Nikasema kumbe huyu naye ana moyo..."

Akasita. Akamtazama Veit, kisha akamtazama mumewe, na mikono ile ikatulia kwa mara ya kwanza.

"Gundula," Kestner alisema kwa upole, "tuache."

Bi Gundula alitoka, akauacha mlango wazi. Chai haikumiminwa.

"Ulijua hatafika Jumamosi," Veit alisema.

Kestner alikwenda dirishani. Veit alingoja kusikia uongo, na ukweli ni kwamba alikuwa anautaka. Uongo mmoja mzuri, na angeubeba hadi kwa Stieler kwa mikono miwili.

"Sakafu zao ni za mawe," Kestner alisema mwishowe. "Nilipokuwa nasubiri pale chini kwa polisi wa siri Jumatatu, baridi ilipanda kupitia nyayo, na nje watu wanatembea bila makoti. Nikafikiri, Tilo ana miguu mibovu."

"Ulikwenda mwenyewe."

"Nilimwona Kaspar anatoka mlangoni mwao! Siku moja tu baadaye, Veit. Amechangamka, ananipungia mkono. Ungefikiri nini? Amekwisha kusema, na amesema kwamba mimi nilikuwepo nikasikiliza nikanyamaza. Kunyamaza nako kulikuwa kosa la kifo. Tilo alikuwa amekwisha kupotea. Swali lililobaki lilikuwa kama wapotee wawili au mmoja."

"Kaspar alipeleka dawa ya tumbo."

Profesa hakugeuka.

"Dawa ya vidonda vya tumbo," Veit alirudia. "Kila Jumatatu. Hakuna aliyekuwa amemchongea Tilo Marquardt, Profesa. Hakukuwa na mtu wa kumuwahi. Ulikuwa peke yako."

Kestner alikaa kitini mwake polepole, akiishika mikono ya kiti.

"Nilikuwa sijui."

"Na mwezi wa kumi wakakupa uprofesa wa heshima wa Berlin."

"Sikuuomba."

"Hukuukataa. Na ukamwachia Kaspar mate ya mji mzima."

"Nilisema Mungu ndiye hakimu. Sikumtaja."

"Uliinamisha kichwa. Ilitosha."

Kestner alimtazama sasa, na sauti ile ya zamani ikarudi, sauti ya Alhamisi. "Sikiliza, mwanangu. Vijana wanarudi kutoka vitani hawana wanachoamini. Mimi naweza kuwafundisha. Kaspar atakwenda kambini mwaka mmoja, miwili, kisha atafungua duka lake. Na una nini mkononi? Hakuna karatasi. Mke hawezi kulazimishwa kusema. Utamwambia Stieler nini, soksi?" Akanyoosha mkono juu ya meza. "Mimi nilikulea."

Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Veit aliutazama mkono ule uliokuwa ukimkatia mkate alipokuwa hana baba. Ghadhabu ilimjaa hadi masikioni, na chini ya ghadhabu palikuwa na kilio cha kitoto ambacho hakukiruhusu kitoke. Kila kipande cha wema alichowahi kupewa na mtu huyu sasa alikuwa na wasiwasi nacho. Alihisi kama mtu aliyerudi kwao akakuta hata picha za ukutani zimeibwa.

"Ulinilisha, ndiyo," alisema, akachukua kofia yake. "Na Tilo ulimvisha."

*

Asubuhi, ukumbi wa shule uliotumiwa na baraza ulijaa mapema. Profesa Kestner aliketi mbele, mgongo umenyooka, wanafunzi wakigonga meza kwa vifundo vya vidole kumkaribisha kama mhadhara unaanza. Bi Gundula aliketi nyuma kabisa, peke yake, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Veit alipopita, Bi Gundula alimshika mkono wa koti.

"Nitasema," alinong'ona. "Mambo ya kisigino. Nitayasema yote."

Nje, kwenye ujia, palikuwa na benchi refu, na Kaspar Brenner alikuwa amelikalia peke yake. Watu walikuwa wamesimama kando ya ukuta, miguu inauma, lakini hakuna aliyeketi. Bi Leonore Marquardt naye alikuwa amesimama upande wa pili, cheti chake mkononi, amevaa viatu vyake vya mbao.

Veit alimwita dirishani, akamwambia. Hakupamba wala hakufupisha: Jumatatu, sakafu ya mawe, kisigino kilichomalizwa kwa haraka. Bi Leonore alisikiliza bila kukatiza. Veit alipofika kwenye maneno "Mungu ndiye hakimu," mama yule alifumba macho.

"Alinishika mkono," alisema. "Veit, alikaa jikoni kwangu akanishika mkono."

"Najua, mama."

"Na mimi nilimshukuru."

Akainama pale pale mbele ya watu, akafungua viatu. Akavuta soksi ya kwanza, akavuta ya pili, akazikunja pamoja kama mke anavyokunja nguo za mumewe, akamwekea Veit mikononi.

"Ziandikie namba," alisema. "Ndiyo ushahidi, au sivyo?"

Kisha akatia miguu mitupu ndani ya mbao, akavuka ujia, akaketi kwenye benchi.

"Miaka yote hii nimekuwa nikivuka barabara nisikutane nawe, Kaspar."

"Nilikuwa nakuona, Bi Leonore."

"Mbona hukunisimamisha ukaniambia?"

"Ungeniamini?"

Mfamasia aliitazama miguu ya mjane, iliyokwisha kugeuka rangi ya majivu, na mazoea ya kazi yake yakamshinda nguvu.

"Utapata homa ya mapafu, mama. Na dukani sina dawa." Akavua skafu shingoni, akapiga goti kwa shida, akaanza kumfunga miguu. Bi Leonore alianza kulia, lakini hakuiondoa.

Ndani, karani aliliita jina la Profesa Kestner. Veit aliingia, soksi zikiwa mkononi. Zilikuwa bado na joto.